Nilianguka jikoni mbele ya binti yangu, na hakuna ajuaye kuwa ni vidonge

Bi Somo, assalaam aleikum.

Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto watatu na nakaa Kisauni. Mchana nauza leso katika duka la watu, Biashara Street. Ukinikuta dukani huwezi kunidhania lolote. Nimepaka wanja, nafunua leso, nawasomea wanunuzi majina yake na kucheka nao.

Huyu mtoto wangu wa mwisho nilimzaa kwa upasuaji, miaka minne iliyopita. Hospitali nilipewa tramadol ya siku chache. Mshono ulipona, mgongo haukupona, maana kazi yangu ni ya kusimama kutwa. Nikaenda kemisti ya mtaani nikaulizia zile zile, nikauziwa bila karatasi ya daktari. Si maumivu tu yaliyoondoka. Nilipata nguvu ya kufua, kupika, kusaidia watoto madrasa zao, na maneno ya mama mkwe hayakunichoma tena. Kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Sasa nameza vinane kwa siku, vya miligramu 50, na siku nyingine hufika kumi.

Mwaka juzi baba yangu alifariki, usingizi ukanihama. Shoga yangu mmoja akanipa diazepam, akaniambia nile nusu tu. Leo nakula vitatu vya miligramu 5 kila usiku, na nisipovila nakesha naangalia dari.

Mwezi uliopita niliamua basi. Nilivimwaga vyote chooni. Siku mbili tatu za kwanza nilipiga miayo, nikatoka kamasi na jasho, nikaharisha, mifupa ikawa inauma kama nimepigwa, miguu haitulii, moyo unakwenda mbio mpaka nikapiga shahada. Vijana wa mtaani huiita arosto, nami nilidhani arosto ni ya wala unga peke yao. Siku ya nne nikaona nafuu, nikashukuru. Siku ya sita nikaanguka jikoni. Aliyeniona ni binti yangu wa miaka 11. Anasema macho yaligeuka, mwili ukatukutika, na nilipozinduka ulimi ulikuwa na damu. Alimkimbilia bibi yake anayekaa nyumba ya chini. Mama mkwe akasema ni jini. Nililetewa kombe nikanywa, mwalimu akaja kunisomea, nami sikufungua mdomo. Usiku ule ule nikamtuma binti huyo huyo kemisti, na pesa mkononi, nikamwambia asimwambie mtu.

Mume wangu ni baharia. Ana miezi miwili tangu aondoke, na atarudi baada ya wiki tatu, kabla ya Ramadhani. Ni mtu mwema, lakini kwa mambo ya dawa za kulevya hana simile. Nduguye aliharibika kwa unga na yeye ndiye aliyemfukuza nyumbani. Akijua, atanirudisha kwetu na watoto watabaki kwa mama yake. Jingine linalonitia hofu, tangu aondoke sijaona siku zangu.

Nataka niwe nimeacha kabla hajafika. Kuna dawa ya kusafisha mwili kwa haraka? Nikitumia saumu ya Ramadhani kumalizia, itafaa? Kuna mahali pa wanawake, nisichanganywe na mateja wa kiume? Mimi si kama wao, Bi Somo, mimi nilianzia hospitali. Na mume wangu, nimwambie au nisitirike?

Mama Watatu, Kisauni


Wa aleikum salaam, mwanangu.

Nianze na lililo la haraka. Usiviache tena ghafla. Najua ulitarajia niseme kinyume, na mtu yeyote mwenye nia njema ukimwambia atakwambia tupa vyote umtegemee Mungu. Ulishavitupa, na siku ya sita ukaanguka. Mtu aliyepata kifafa kwa kukata diazepam anaweza kukipata tena akiikata tena, na safari hiyo huenda sufuria ya mafuta iko jikoni, au unavuka barabara pale Kongowea.

Kwa hivyo nenda hospitali kesho, usingoje wiki ijayo. Kati ya leo na kuonwa na daktari, baki kwenye kiasi ulichozoea, lakini tramadol isipite vinane. Miligramu 400 kwa siku ndio mpaka wa mtu mzima, na ukiuvuka, tramadol yenyewe huweza kuleta kifafa. Zile siku zako za kumi zinanitisha. Usiongeze Piriton ili upate usingizi, wala dawa ya kikohozi, wala kidonge kingine cha shoga. Tramadol hupunguza kasi ya kupumua, diazepam nayo hupunguza, na zikikutana mtu anaweza kulala pumzi zikawa zinapungua hadi zikakatika. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo lake kali kuliko yote liandikwe kwenye dawa za jamii hizi mbili kwa sababu ya vifo vya namna hiyo. Wewe unaulalia mchanganyiko huo kila usiku na hakuna mtu mzima chumbani. Mtu mzima mmoja lazima ajue dalili: ukikoroma isivyo kawaida yako, usipoamka ukitikiswa, midomo ikiwa ya buluu au ya kijivu, akulaze ubavu na akukimbize hospitali wakati huo huo. Ukianguka tena kifafa, vivyo hivyo. Asingoje mwalimu aje wala kukuche.

Ulipata maradhi mawili yaliyofuatana, ndiyo maana ile siku ya nne ilikudanganya. Miayo, kamasi, kuharisha na mifupa ilikuwa arosto ya tramadol. Tramadol ni jamaa ya mofini na ya huo unga wenyewe, yaani heroini, ingawa nguvu zake ni kidogo. Arosto yake huanza mapema, huwa kali siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki hivi. Hata ile hofu iliyokufanya upige shahada inaweza kuwa yake, kwa sababu tramadol hugusa pia kemikali za ubongo zinazoguswa na dawa za sonona, na baadhi ya watu wakiiacha huingiwa na wasiwasi mkubwa au hata kuchanganyikiwa. Diazepam ni habari nyingine. Hukaa mwilini siku nyingi, basi arosto yake huchelewa na humjia mtu alipokwisha kujihesabu mzima. Kazi yake ni kama breki kwa ubongo. Ukiitumia muda mrefu, ubongo hupunguza breki zake wenyewe, na ukiiondoa kwa mpigo gari liko mteremkoni. Daktari atakupima sukari, presha na mengine, maana kifafa kina sababu nyingi. Lakini siku sita baada ya kukata diazepam, hapo ndipo pa kuangalia kwanza, kabla ya jini.

Zile wiki tatu hazitoshi. Ni bora ulijue leo kuliko kulijua sakafuni. Mwongozo wa kupunguza dawa za jamii ya diazepam, uliotolewa na vyama vya madaktari wa Marekani mwaka 2025, unaelekeza kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki mbili hadi nne, na kwa kawaida isipite asilimia 25 kwa wiki mbili. Kwa anayekula miligramu 15 kila usiku, hiyo ni miezi. Na kwa kuwa ulishaanguka, daktari anaweza kutaka uanzie wodini ili akuone kwa macho. Tramadol nayo ina mpango wake, na daktari ndiye atakayesema ipi itangulie, maana kuzipunguza zote mbili kwa pamoja ni mzigo mzito. Usijipangie ratiba kwa kukata vidonge kwa kisu cha jikoni. Dawa ya kusafisha mwili haipo. Chai ya majani, mafuta ya habasoda, dripu ya kusafisha damu, hakuna hata moja inayourudishia ubongo breki zake, na wanaoviuza wanajua unakimbizana na siku.

Hospitali ya Rufaa ya Pwani, yaani Makadara kama tunavyoiita, inatosha kwa kuanzia. Eleza kwamba ulianguka kifafa baada ya kuacha diazepam, na sentensi hiyo moja itakufikisha kwa daktari anayefaa. Ukielekezwa kliniki ya afya ya akili, hapo Makadara au Port Reitz, usirudi nyuma kwa sababu ya jina. Hao ndio madaktari wanaozijua dawa hizi kuliko wote. Chukua vidonge vyenyewe pamoja na maganda yake. Andika kwenye karatasi: jina la dawa, miligramu, vingapi, saa ngapi, tangu lini, tarehe uliyoanguka, na tarehe ya mwisho uliyoona siku zako. Nakuomba sana usipunguze hesabu. Wengi wetu tukifika mbele ya daktari tunasema viwili vitatu, kwa haya tu. Yeye akapanga dawa ya mtu wa vitatu, na mwili ulioko mbele yake ni wa kumi.

Hilo la siku zako lisikae mwishoni mwa barua tena. Kweli dawa za jamii ya tramadol huvuruga homoni, hedhi ikapotea miezi. Wanawake wengi hapo hudhani hawawezi kushika mimba, na wanashika. Nunua kipimo cha mimba, upime kesho asubuhi kabla hujatoka. Kikionyesha mimba, iwe ndiyo maneno yako ya kwanza kwa daktari. Kukata dawa hizi ghafla mtu akiwa mjamzito kunaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au kuharibika kwa mimba. Ndiyo maana mjamzito mwenye uraibu wa dawa za jamii hii hupewa methadone au buprenofini, dawa za kutibu uraibu huo, kwa uangalizi, asilazimishwe kukata. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake mwenyewe, nayo inatibika, ilimradi wakunga wameambiwa.

Umeniandikia kwamba wewe si kama mateja kwa sababu ulianzia hospitali. Nimelisoma hilo kwa huruma, lakini sitakuunga mkono. Mwili wako haukuuliza kidonge kimetoka wapi. Na fikiria pia hili: kama Mombasa leo ina watu wanaojua kumshika mraibu mkono bila kumtukana, ni kwa sababu ya mateja wa unga na wale waliosimama nao. Hao ndio waliohangaika mpaka Kenya ikaanza kutoa methadone mwishoni mwa 2014. Utaketi nao benchi moja siku nyingine. Hutapungukiwa.

Ila kuna jambo ambalo ni letu wanawake kweli, na linanichoma. Vidonge vya kutuliza tumepewa sisi kuliko wanaume, tangu vilipotoka. Diazepam iliingia madukani Marekani mwaka 1963 kwa jina la Valium, na tangu 1969 hadi 1982 ikawa ndiyo dawa inayoandikwa na madaktari kuliko zote kule. Matangazo yake yalijaa picha za wake waliochoka nyumbani. Mke aliyechoka hakupewa msaidizi wala wa kumsikiliza. Alipewa kidonge. Hata kipimo hakikuwa chetu. Zolpidem, dawa nyingine ya usingizi, ilitumika miaka mingi kwa kipimo kimoja kwa wote, mpaka mwaka 2013 FDA ilipoagiza kipimo cha kuanzia cha wanawake kikatwe nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu miili yetu huitoa dawa hiyo polepole zaidi na asubuhi mtu anaendesha gari ingali kichwani. Tafiti kadhaa zimeona pia kwamba safari ya kutoka kidonge cha kwanza hadi kushikwa huweza kuwa fupi zaidi kwa mwanamke. Wewe ulishikwa kwa njia iliyokuwa wazi mbele yako: mshono, mgongo, msiba, na kijana wa kemisti asiyeuliza.

Na usidhani uraibu ni wa watu duni. Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford wa Marekani, alianza kwa dawa za maumivu ya shingo alizoandikiwa na madaktari, akaongeza za kutuliza, na pombe juu yake. Mwaka 1978 mumewe na watoto walimketisha wakamwambia wanachokiona. Alikasirika, akalia, kisha akakubali kutibiwa, na akalisema hadharani. Mwaka 1982 akashiriki kuanzisha kituo cha matibabu kule California, akisimamia kwamba wanawake wapate nafasi sawa na wanaume, kwa kuwa aliyaona mwenyewe mambo ambayo mwanamke hawezi kuyasema wanaume wakiwa chumbani.

Hapo naingia kwenye swali lako la mahali. Piga 1192, ni simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Waulize vituo vilivyosajiliwa Mombasa vinavyopokea wanawake. Hapa mjini MEWA na Reachout Centre Trust wamefanya kazi na waraibu kwa miaka mingi, nao waulize huduma zao za wanawake zikoje. Si kila mtu hulazimika kulala kituoni. Wengi hupunguza dawa wakiwa nyumbani, wakihudhuria kliniki na mshauri nasaha, na kwa mama mwenye watoto watatu na kazi huenda hiyo ikawa njia yako, daktari akiridhika na kile kifafa. Ukiambiwa ulale, usikubali kituo kabla hujauliza maswali haya na kujibiwa bila kuzungushwa: Je, kuna daktari anayekuja, na diazepam yangu mtaipunguza au mtaikata siku ya kwanza? Usiku anayelinda upande wa wanawake ni mwanamke? Wanangu wanaweza kuja kuniona? Kama mimi ni mjamzito, kliniki ya waja wazito nitapelekwa? Wakikwambia wao hukata vyote siku ya kwanza ili ujifunze, usiingie. Mahali watu wanapofungwa minyororo au kupigwa si hospitali, hata kama mlangoni pameandikwa aya. Kuhusu gharama, muone afisa wa ustawi wa jamii hapo hospitali umuulize SHA, bima ya afya ya serikali, inakulipia nini, kabla hujauza dhahabu yako.

Ukishapunguza, mgongo utarudi kuuma na usingizi utakuhama tena kwa muda. Nakwambia mapema usije ukadhani matibabu yameshindwa. Mgongo uombee tiba ya viungo, na mwenye duka muombe kigoda. Usingizi una tiba isiyo na kidonge, washauri wanaifundisha: kuamka saa ile ile kila siku hata kama ulikesha, kutolala mchana, kutoka kitandani ukishindwa kulala, na kahawa tungu kuiacha mapema. Na baba yako, mwanangu, sidhani umemlilia. Ulipata diazepam kabla ya kupata matanga yako. Mshauri mwambie hilo.

Na endapo utateleza baada ya wiki kadhaa bila vidonge, usirudie kiasi cha zamani. Mwili husahau mazoea yake upesi, na vile vinane ulivyovizoea vinaweza kukuua. Hivyo ndivyo watu wengi hufa: baada ya kuacha, siku wanaporudi.

Sasa binti yako. Nimeisoma sehemu hiyo ya barua mara nyingi. Ana miaka 11, amemuona mama yake macho yamegeuka na damu mdomoni, akatumwa usiku kununua kitu kile kile, akapewa na siri aihifadhi. Kila usiku anakuwa mlinzi wako, niamini, analala sikio moja li wazi. Usimtume tena hata mara moja. Na yule aliyemuuzia mtoto tramadol usiku hastahili pesa zako nyingine. Keti na binti yako, si kwa hotuba ndefu. Mwambie uliumwa, dawa uliyokuwa ukinywa ndiyo iliyokuangusha, si yeye wala si kosa lake, unakwenda kwa daktari, na kuanzia leo hana siri yoyote ya kukuwekea. Mwambie aliposhuka mbio kwa bibi yake alifanya sawasawa, na likitokea tena afanye vile vile. Halafu vidonge vitoke ulikovificha viwekwe chini ya kufuli, maana mdogo wake ana miaka minne na kwa mtoto kidonge kimoja kinatosha kuleta msiba.

Mtu wa kwanza kumwambia, kabla ya mume, awe mwanamke mmoja mzima. Sijui kama mama mkwe ndiye. Alipokuona umeanguka hakukimbia, alikutafutia dawa kwa elimu yake, na hilo kwangu ni dalili njema. Kombe sikukatazi. Kisomo kinatuliza moyo na moyo wako unahitaji kutulizwa. Lakini kombe halipunguzi diazepam kwenye damu, na mtu akidhani limempoza huacha kwenda kwa daktari. Mwambie, “Mama, nisindikize Makadara, na dua yako unisomee huko huko.” Kama unaona hataweza kuuzuia ulimi, basi dada yako, au mama yako mzazi, au mwenzio wa dukani. Awe mtu wa kukuwekea dawa na kukupa ya siku moja moja. Peke yako hutaweza kupunguza na vidonge viko chini ya mto. Sitara yako haivunjiki kwa mtu mmoja wa kuaminika na daktari mmoja.

Saumu usiifanye dawa ya kuachia. Ukipitisha mchana kutwa bila dozi uliyopangiwa, unarudi pale pale pa siku ya sita, tena na kiu. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, iko kwenye Suratul Baqara. Muulize daktari kama dozi zako zinaweza kugawanywa kati ya futari na daku. Akisema hapana, kula mchana bila kujihukumu, na ukitaka fatwa mpelekee sheikh maneno ya daktari.

Mume mwambie. Asikie kwako kabla hajasikia kwa mtoto au kwa mama yake. Lakini si kwa simu akiwa baharini, hana la kufanya huko ila kuungulika. Mngoje afike, apumzike usiku mmoja, muwe na mtu mzima anayemheshimu karibu ikiwa unamuogopa. Ukiwa umeshaonwa na daktari, utakuwa na karatasi mkononi, na hapo ndipo tofauti na nduguye itakapoonekana. Mwambie kwa maneno yako, mfano hivi: “Baada ya kuzaa nilipewa dawa ya maumivu, ikanishika. Nilikuficha kwa kuogopa. Nilianguka nikiwa na watoto. Sasa niko kwa daktari, hii hapa karatasi, natakiwa kupunguza polepole miezi kadhaa. Nataka wewe ukiwepo ndiye uniwekee dawa.” Mpe kazi ya kufanya. Mwanamume aliyemfukuza ndugu yake kwa sababu ya unga huenda hadi leo hajui angefanya nini badala yake. Usimtajie ndugu yule kumuumiza, akimtaja mwenyewe msikilize.

Anaweza kughadhibika siku mbili tatu. Hilo ulitarajie. Akikutishia watoto, jua kwamba watoto hawahukumiwi kwa neno la hasira sebuleni. Sheria ya Watoto ya 2022 inaweka maslahi ya mtoto mbele, na mama anayehudhuria matibabu ana cha kuonyesha kuliko mama anayejificha. FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapa Mombasa, watakushauri. Akiinua mkono, 1195 ni simu ya bure ya wanaofanyiwa ukatili, usiku na mchana.

Ikitokea meli imechelewa, daktari, kipimo na binti yako visimngoje yeye. Hayo matatu ni ya kesho.

Bi Somo